Siku Bupe Mwasomola Alipowasha Taa Katikati ya Sinema

Wasikilizaji wapendwa, leo hatuanzi na muziki. Leo tunaanza na jina. Bupe Mwasomola. Bupe Mwasomola, mtafsiri wetu wa sinema, ametutoka Alhamisi iliyopita hapa hapa Durban, akiwa na miaka hamsini na mbili. Mimi ni Kulthumu wenu, na leo nitamsema vizuri, maana kuna siku nilimsema vibaya.

Kwa nyinyi mliofika juzi, Bupe alizaliwa Tukuyu. Siku za kazi alikuwa kiwandani Mobeni, anashona pindo za blanketi. Jumamosi mchana alikuwa mtaa wa Point, kwenye ukumbi wa video wa Anaclet, nyuma ya kinyozi. Alikaa kando ya skrini na maikrofoni. Sinema inaongea lugha yake, Bupe anaongea Kiswahili. Mwanaume ni yeye, mwanamke ni yeye, hata farasi akikoroma ni yeye.

Miaka kumi na miwili iliyopita Anaclet alipata katuni ya Kijapani. Si ya watoto hiyo. Ya kutisha, inahusu mwindaji wa vampaya, wale wanyonya damu. Mtafsiri wa zamani alikuwa amehamia Cape Town, Bupe akaomba kiti. Mimi, mbele ya watu, nikasema, "Mwanamke akinguruma, watu watacheka." Nani alisema? Kulthumu. Basi Anaclet akampa Jumamosi mbili za majaribio, kwa kuwa filamu ilikuwa na diski mbili. Akishindwa, kiti kinakwenda kwa mwingine.

Jumamosi ya kwanza nilinyamazishwa. Hao vampaya Bupe akawaita mumiani, kama tulivyotishwa utotoni, na Wakongo ambao neno hilo hawakulijua walilijua kabla robo saa haijaisha. Aliponguruma kwa sauti yao, nilipandisha miguu juu ya kiti. Ndani ya filamu kulikuwa na mzee anayembebea mwindaji taa. Bupe akampa sauti ya upole, akasema huyu ni baba mdogo wa mwindaji, ndiye aliyemlea. Watu wakampenda. Wiki nzima vijana wa makontena kule bandarini walikuwa wakiitana Baba Mdogo.

Sasa, Kijapani Bupe hakukijua. Hakuna mtafsiri wetu aliyekijua. Unatazama, unaelewa kwa macho, unasema. Lakini kanuni ni kutazama mpaka mwisho kwanza, na Bupe alikuwa ametazama diski ya kwanza tu. Ya pili ilimfikia Jumamosi ya pili asubuhi. Akaiweka. Katikati, Baba Mdogo anawafungulia mumiani mlango. Ni mwenzao. Tena ndiye mkubwa wao.

Anaclet akamwambia, "Sema iko na pacha. Mtafsiri harudi nyuma. Ukirudi mara moja, hawatakuamini tena."

Mchana ukumbi ukajaa. Mlango ukafunguliwa kwenye skrini, na Bupe akasema kwenye maikrofoni, "Huyu si Baba Mdogo, jamani. Huyu ni pacha wake." Watu wakaitikia, "Aaa, kumbe." Walikubali, wasikilizaji wapendwa. Walikubali kabisa. Kiti kilikuwa chake.

Ndipo Bupe akasimamisha filamu. Akawasha taa. Akasema, "Hakuna pacha. Nilitafsiri nusu kabla sijajua mwisho, na sasa hivi nimewadanganya ili nisiaibike. Yule mzee mliyempenda ndiye mumiani mwenyewe. Nisameheni."

Anaclet akajishika kichwa. Kisha Eddy, dereva wa lori kutoka Lubumbashi, akasema, "Eish, sista. Basi rudisha yote. Weka diski ya kwanza, utuambie vile iko."

"Mtakaa?"

"Tutakaa. Sharp, hakuna shida."

Tukaitazama upya, diski zote mbili. Safari hii mzee ana sauti ile ile ya upole, lakini sasa kila neno lake linakusisimua mwili. Hakuna aliyetoka. Jumamosi iliyofuata Anaclet alikuwa amekiwekea kile kiti mto. Bupe alikikalia miaka kumi na miwili. Nilipokwenda kumwomba radhi akaniambia, "Dada Kulthumu, ulisema watu watacheka. Mbona uliyepandisha miguu ni wewe?"

Mwaka huu mwezi wa nne akaugua ini. Daktari alimweleza mumewe Mkongo, Séverin, kwamba halitapona. Ndugu wa Tukuyu wakampigia Séverin simu, asimwambie Bupe, atakata tamaa. Ndivyo tulivyozoea. Hata mimi nilimshauri hivyo.

Jana Séverin aliniambia, "Mi nilikubali. Siku tatu nilimwambia iko vidonda vya tumbo tu. Siku ya ine nikaona vile ananiamini. Nikashindwa. Nikaikala pa kitanda, nikamwambia yote."

Nikamuuliza, alilia?

"Alilia sana. Kiisha akanishika mukono, akasema, 'Ahsante, mume wangu. Sasa nimeujua mwisho, nitausema vizuri.'"

Na aliusema vizuri. Wiki sita alitupigia simu, mmoja mmoja. Wengine aliwashukuru, wengine aliwasamehe, wengine aliwagombeza. Mimi aliniambia, "Ukinitangaza redioni, usiseme nilikuwa malaika." Sisemi. Nasema nitamkosa.

Séverin, shemeji yetu, pole. Familia ya Mwasomola kule Tukuyu, poleni sana, tuko nanyi. Mungu ampokee Bupe na ampumzishe.

Na wewe uliye jikoni sasa hivi, umepunguza redio ili mgonjwa wa chumbani asisikie mnayonong'ona juu yake. Inuka. Nenda ukakae kitandani kwake.