Mama Giza na Maji Yasiyong'aa

Marehemu mama yetu, ambaye wengi mliopo hapa mlimwita Mama Giza, alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, katika chumba kilicho nyuma ya karakana ya baiskeli ya babu. Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu wake aliandika kwamba anatazama sana na kuongea kidogo.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na baba yetu, fundi cherehani. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1991 aliajiriwa kwenye kituo cha kuzalisha kambamiti, kazi yake kulea vifaranga wembamba kama nyuzi. Huko ndiko alikopata jina lake. Ugonjwa ukiingia, maji ya tangi hung'aa gizani, kijani hafifu, na kukicha vifaranga wote wamelala chini. Tangi la kwanza alilokabidhiwa lilikufa hivyo. Alisema yalikuwa maji mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaona, na hakupenda kuulizwa zaidi.

Dawa ziliposhindwa, kituo kilianza kukuza bakteria wazuri kwenye ndoo na kuwamimina tangini, ili wale wabaya wakose pa kukaa. Mama alizitunza ndoo hizo kama uji wa mtoto mgonjwa. Akishamimina, alifunga mapazia, akazima taa, akainama kutazama kama maji yanang'aa.

Hofu ile alirudi nayo nyumbani. Hakuna mjukuu aliyeogeshwa kabla bibi hajazima taa na kuchungulia beseni.

"Mama watoto, unatafuta nyota humo?" baba alimtania.

"Natafuta giza, baba watoto. Nikiliona, mwogesheni."

Mwaka jana ini lilianza kumsumbua. Jioni moja umeme ulikatika wodini, akashtuka, akashika mkono wa binti yake mdogo.

"Yanang'aa?"

"Hapana, mama. Giza tupu."

"Basi wazima wote," akasema, akalala.

Alifariki tarehe 3 Machi 2024, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi.

Ameacha mume, mabinti wawili na wajukuu wanne, wa mwisho bado ananyonya. Ameacha pia ndoo zake, ambazo wenzake kazini wanaendelea kuzitunza.

Jana maji ya mtoto yalipokuwa tayari, taa ilizimika. Ni baba aliyeizima. Aliinama juu ya beseni muda mrefu, hakuna aliyecheka. Kisha akasema, "Mwogesheni."

Pumzika kwa amani, Mama Giza, kwenye giza ulilokuwa ukilitafuta.