Ngozi Zilizobaki Kwenye Chokaa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Magome, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mama mshonaji. Alisoma hadi darasa la saba. Masomo hayakumkaa sana kichwani, lakini mpira wa shule ulipopasuka aliushona yeye, na ulichezewa mpaka alipomaliza shule.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha ngozi, na kilipofungwa akapanga mapipa yake nyuma ya nyumba. Ngozi mbichi aliilowesha kwenye chokaa ili manyoya yang'oke, akaikwangua, kisha akaizamisha kwenye maji ya magome ya miti hadi ikomae. Mikanda na viatu vingi vilivyokuja hapa leo vimepita mikononi mwake. Alizoea kusema, "Ngozi haijui sikukuu. Ikizidisha kukaa kwenye chokaa, utatoa uji."

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981. Katikati ya sherehe bwana harusi akatoweka. Alirudi watu wameshakula, suruali nyeupe kwa chokaa hadi magotini. Bibi harusi akamuuliza mbele ya wakwe, "Umeniacha hapa kwa ajili ya ngozi za ng'ombe?"

Akajibu, "Mke wangu, wewe utanisubiri. Zile hazisubiri."

Alinuniwa wiki nzima, na kisa hicho alisimangwa nacho hadi uzeeni.

Hapa ndipo huwekwa habari za maradhi. Hatuna cha kuandika, maana ndugu yetu hakuugua. Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, asubuhi, alivaa buti zake za mpira, akamwambia mkewe, "Mimina chai, narudi sasa hivi." Chai ilipoanza kupoa, mkewe alimfuata akamkuta ameanguka kando ya pipa, ndoana ya kuvutia ngozi ingali mkononi. Daktari alisema ni moyo. Jana yake tu alikuwa amebeba ngozi mbichi begani, anatutania kwamba sisi ndio wazee. Tumepigwa na butwaa, na bado hatujui tushike lipi.

Jioni ile, nyumba imejaa waombolezaji, mjane aliinuka akatoka. Watu wakanong'ona. Mmoja alisema waziwazi, "Machozi hayajamkauka, ameshakumbuka biashara." Shangazi yetu akamfuata. Alimkuta amevaa buti za mumewe, analia, anavuta ngozi moja moja kutoka kwenye chokaa.

"Shangazi, zilikuwa zitoke leo," alisema. "Naye hawezi tena."

Shangazi akakunja mikono ya gauni, akashika upande wa pili. Basi, mkiona leo mikono ya shemeji yangu imechubuka anapotupa udongo, mjue imechubuliwa na nini, na minong'ono iishie hapa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, mdogo wake anayewasomea haya, na ngozi sita ndani ya maji ya magome.

Kaka, pumzika kwa amani. Zimetoka zote, nzima.