Mtunza Ufunguo na Picha ya Mkunga

Baba Paroko, ndugu, majirani, nawe Profesa Arrighetti uliyejichagulia kiti cha mbele, mimi Fiorenza, binti wa marehemu, naisoma historia ya mama yetu pale alipoagiza isomwe, chini ya picha hii.

Marehemu Ersilia Bracalenti alizaliwa tarehe 6 Januari 1938 hapa Montefranto, binti wa Settimio, mfuga kondoo na mpaka rangi wa kanisa, na Assunta, mkunga, akasoma hapa hapa, akahitimu ualimu Perugia mwaka 1956, akafundisha miaka thelathini na sita, na tangu 1961 akashika pia ufunguo wa kanisa hili. Tarehe 4 Mei 1963 alifunga ndoa na Orfeo Mencaroni, fundi viatu, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Nazzareno.

Mwaka 1983 Profesa alikuja kuitazama picha hii ya Kuzaliwa kwa Bwana, akatangaza kwamba mwanamke yule wa pembeni, mwenye mkono uliofungwa kitambaa, ni mke wa tajiri aliyeigharimia, mama akamwambia, “Mke wa tajiri gani huyo, Profesa, anayekunja mikono ya gauni zizini? Huyo mkunga! Alimtilia shaka Bikira, mkono ukamkauka, sasa anamsogelea Mtoto apone.” Profesa alicheka, akaenda zake, na mwaka 1986 maneno hayo ya mama yakatoka kitabuni mwake kama yake mwenyewe, mama akiachiwa mstari mmoja, kwamba mtunza ufunguo alimfungulia mlango. Mama hakutaka kingine ila jina lake, akalia mbele ya wanafunzi, na hilo hatujalisamehe.

Mwaka uliofuata alirudi kuuliza habari za mwanakondoo aliye miguuni pa Mtoto, mwenye sikio lililokatwa, mama akamjibu, “Mimi mtunza ufunguo tu, Profesa, nitajuaje?” Basi akaandika kitabu kizima, kwamba sikio lile ni majeraha ya Msalaba, kikampa medali, nasi tukabana vicheko, maana hapa hakuna mfugaji asiyejua kwamba sikio lililokatwa hivyo ni alama ya kondoo wa Bracalenti.

Mama alianza kuugua moyo Machi 2019, akafariki nyumbani tarehe 11 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa na akili zake zote. Tunamshukuru daktari aliyepanda kilima kila Alhamisi, walimu wenzake, na ninyi majirani mlionyamaza miaka thelathini na miwili, kwani kimya kingi kina mshindo mkuu.

Sasa geuzeni kadi za kumbukumbu mlizopewa mlangoni. Badala ya sura yake, mama alitaka iwekwe picha ya mchoro huu iliyopigwa humu mwaka 1948, kabla mshumaa haujaunguza sehemu ile ya mwanakondoo na babu Settimio kuiziba kwa kumchora kondoo wake mwenyewe, na hapo miguuni pa Mtoto, Profesa, vaa miwani, kuna nyasi tu. Kadi kama hiyo imetumwa jana kwa waliokupa medali, na nyuma yake kuna jina kamili la mama.

Lala, mama, upumzike. Profesa umemfungulia mlango wewe mwenyewe, mara ya pili.