Mlimani Usikanyage Sana

Marhoon: Haloo? Nani mwenzangu?

Mahfoudha: Shikamoo, kaka.

Marhoon: Marahaba... Mahfoudha? Namba ya nani hii?

Mahfoudha: Ya Masouda, jirani yangu. Yangu tangu jana unaiona inalia na unaiacha ilie.

Marhoon: Ah, simu niliiweka kwenye chaji, halafu wakaja wageni. Wallahi nilitaka kukupigia. Hamjambo huko Azaiba? Bashayer hajambo?

Mahfoudha: Hajambo. Yuko hai.

Marhoon: Alhamdulillahi. Huku Sib Khulood kanitia wazimu na hii malka ya kufunga ndoa Ijumaa. Mara viti havitoshi, mara wageni wa Sur wameongezeka. Nikamwambia, mke wangu, mtoto wa dada yangu anaolewa na mwanangu mwenyewe, wageni gani tena wa kuwaogopa? Ni sisi kwa —

Mahfoudha: Gari limekosa nguvu tena.

Marhoon: Gari gani?

Mahfoudha: Lile mlilompa Bashayer siku ya posa. Tuna gari ngapi za kwenu hapa?

Marhoon: Lini?

Mahfoudha: Jana asubuhi, akienda kazini Amrat. Anapanda mlima, kabla ya kona ya juu, taa ya injini ikawaka, gari likaishiwa pumzi. Anakanyaga mafuta, haliendi. Nyuma yake msururu wa magari, honi moja kwa moja. Mmoja akalazimisha kumpita, akaondoka na kioo cha pembeni.

Marhoon: Lakini kafika?

Mahfoudha: Kafika kwa kutambaa.

Marhoon: Basi, la muhimu kafika. Nitakuja kulichukua, nilipeleke —

Mahfoudha: Umeshalichukua, kaka. Mara ya kwanza ukasema ni sensa ya injini, imebadilishwa. Mara ya pili mafuta mabaya. Mara ya tatu ukasema joto. Na kila mara linarudi limeoshwa, limefukizwa udi, mtu akiingia ndani anadhani yuko arusini. Likifika mlima ule, linakufa.

Marhoon: Mimi mwenyewe nililiendesha mpaka Barka. Linaruka.

Mahfoudha: Sib mpaka Barka ni tambarare. Hata mkokoteni unafika.

Marhoon: Sasa mimi nifanye nini? Na huyo mtoto naye anakanyaga ovyo. Wasichana wa siku hizi na magari ya turbo —

Mahfoudha: Usiimalize hiyo.

Marhoon: Nasema tu.

Mahfoudha: Nnakujua unavyosema tu. Sasa sikiliza. Akilizima, akangoja kidogo, akaliwasha tena, linarudi kuwa zima. Kwa hiyo ukija kulijaribu hapa nje, huoni kitu. Njia bapa, huoni kitu. Linataka mzigo ndipo liseme. Turbo ikisukuma hewa kwa nguvu, kuna mahali hewa inatoroka, gari linajizuia lenyewe lisijiue. Ndivyo nilivyowaza jana kutwa.

Marhoon: (mtandao unakwaruza) ...siku hizi umekuwa fundi?

Mahfoudha: Baba alinipeleka chuo cha ufundi na wewe ukacheka. Endelea kucheka.

Marhoon: Sicheki. Nasema ungelipeleka tu gereji pale Mawaleh, wakalitazama.

Mahfoudha: Nani? Mimi?

Marhoon: Ndiyo. Kwani nilikukataza?

Mahfoudha: Hukunikataza. Nilijikataza mwenyewe. Siku ile ile mliyolileta, Ghadeer, mdogo wake Bashayer, aliniambia, mama, tulipeleke likatazamwe kabla dada hajaanza kuliendesha. Nikamkemea mtoto wa watu mpaka akalia. Nikamwambia zawadi ya mjomba wako haipelekwi kukaguliwa, watu watasema tunamshuku. Mafundi wote wa Mawaleh wanakujua, kaka. Ningesimama pale na gari lako, kabla sijafika nyumbani Khulood angekuwa keshapata habari.

Marhoon: Hapo ulifanya uungwana.

Mahfoudha: Nilifanya ujinga.

Marhoon: Mahfoudha —

Mahfoudha: Jana jioni nikafungua boneti mwenyewe.

Marhoon: Wewe?

Mahfoudha: Mimi, na bakuli la maji ya sabuni. Bashayer kakaa ndani, nikamwambia akanyage, ashike hapo hapo. Nikapaka sabuni mipira yote inayopitisha hewa. Juu pakavu. Katikati pakavu. Kule chini, karibu na ile redieta ndogo ya kupozea hewa, povu likachemka kama maziwa.

Marhoon: Inawezekana ni jiwe limerukia —

Mahfoudha: Hakuna jiwe. Kuna tepu.

Marhoon: (mtandao unakwaruza) ...sikusikii vizuri.

Mahfoudha: Sasa hivi ulikuwa unasikia. Kuna tepu nyeusi, kaka. Nikaikata. Chini yake tepu nyingine, imeiva kwa moto mpaka imekuwa lami. Chini yake kitambaa. Na chini ya kitambaa, mpira umepasuka urefu wa kiganja changu. Hiyo turbo mnayoisingizia haina kosa lolote. Maskini inasukuma hewa, hewa inakwenda na upepo.

Marhoon: Hao mafundi. Unaona? Unawaamini, unawalipa, wanakufungia matambara. Nitakwenda kuwaonyesha leo leo —

Mahfoudha: Kitambaa cha zambarau. Kina maua ya rangi ya fedha.

Marhoon: Vitambaa viko vingi.

Mahfoudha: Mapazia ya majlisi yako, pale unapokaa na wageni. Nilikushonea mimi, nikalala na mgongo unauma. Mlipoyabadilisha, Khulood akayakata matambara. Fundi gani wa Mawaleh ana mapazia yako?

Marhoon: Basi. Nilifunga mimi.

Mahfoudha: Wewe?

Marhoon: Mimi. Niliona taabu kukwambia. Nikasema litashika mpaka —

Mahfoudha: Kaka, kikoi chako mwenyewe hujawahi kukifunga kikashika. Tangu utoto tunakukimbiza nacho.

Marhoon: Usinifanyie mzaha.

Mahfoudha: Sina mzaha leo. Hicho kitambaa kimezungushwa kwa ustadi, kimekazwa pande mbili, mtu kajilaza chini ya gari na tochi. Wewe goti lako halikunji hata kwa sala, unaswali kwenye kiti. Nani alilala chini ya gari?

Marhoon: Yamekwisha hayo. Mpira si kitu, nitaununua.

Mahfoudha: Unajua mwanao Wael alimwandikia nini Bashayer siku ile mliyompa ufunguo?

Marhoon: Mambo ya vijana mimi siyaingilii.

Mahfoudha: Na mimi sikuyaingilia, alinionyesha mwenyewe. Hata mlima hajaupanda bado, gari halijaharibika hata mara moja. Kamwandikia, "Mlimani usikanyage sana. Na uzime eisi ukipanda." Mwanangu akacheka, uso umemjaa. Akaniambia, mama, unaona anavyonifikiria? Akawaonyesha wenziwe kazini. Kamwonyesha Masouda. Na mimi, mtu mzima, nikasema huyu kijana ana huruma, kamfuata baba yake.

Marhoon: Ana huruma. Wallahi anampenda.

Mahfoudha: Alikuwa anajua.

Marhoon: (mtandao unakwaruza)

Mahfoudha: Upo?

Marhoon: Nipo.

Mahfoudha: Sema basi.

Marhoon: Mpira mpya haukupatikana hapa. Uliagizwa, wakaleta usio wenyewe, ukaagizwa tena. Na mimi nilikwishasema mbele ya watu kwamba siku ya posa mtoto atapewa ufunguo mkononi. Wazee wote walisikia. Wael akanambia, baba, tungoje. Nikamwambia, utanitia aibu? Funga, litashika. Lawama ni yangu, mwache kijana.

Mahfoudha: Nimekusikia. Wewe ulitaka ufunguo uonekane.

Marhoon: Nilitaka umheshimu Wael. Nilitaka mjue binti yenu haji kwa mtu mnyonge.

Mahfoudha: Na yeye?

Marhoon: Yeye alinitii baba yake.

Mahfoudha: Miezi yote hii alikuja hapa kwangu kila wiki, kala biriani yangu, kaegesha pembeni ya gari hilo. Alikuwa na mdomo. Sentensi moja tu, "Shangazi, lisiendeshwe." Ningeliegesha, ningenyamaza, hata wewe usingejua. Badala yake akamfundisha mwanangu namna ya kukanyaga.

Marhoon: Aliona haya.

Mahfoudha: Na kila ukilichukua wewe, nani alikuwa anaongeza tepu juu ya tepu?

Marhoon: (kimya)

Mahfoudha: Ee.

Marhoon: Mahfoudha, mdogo wangu, nisikilize. Hili ni gari. Chuma. Nitamnunulia jingine, jipya. Usilichanganye na ndoa ya watoto.

Mahfoudha: Sikulichanganya mimi. Jana usiku nilimwambia Bashayer nilichokiona. Nikasema aamue yeye, asije siku moja akasema mama alinivunjia. Alikwenda akachutama mbele ya gari, akakishika kile kitambaa, akakaa hapo muda. Halafu akaniuliza, "Mama, Wael akija akijua kitu kuhusu mtoto tutakayemzaa, atanambia, au ataniandikia nisikanyage?"

Marhoon: Hayo ni maneno ya hasira.

Mahfoudha: Swali hilo nakuletea wewe. Wewe ni baba yake Wael. Unalo jibu?

Marhoon: Mpe simu. Nizungumze naye mimi mwenyewe, mimi ni mjomba wake.

Mahfoudha: Hayupo. Ameshatoka.

Marhoon: Kaenda wapi? Kwa gari gani?

Mahfoudha: Kwa hilo hilo.

Marhoon: Si umekata tepu? Mahfoudha, mpira uko wazi, lile gari halina — mpigie arudi. Mpigie sasa hivi. Asipande nalo mlima, ataua watu, atajiua —

Mahfoudha: Ahaa.

Marhoon: Nini ahaa?

Mahfoudha: Kumbe sauti hiyo unayo.

Marhoon: Dada, nakuomba —

Mahfoudha: Tulia. Hapandi mlima. Anakuja kwako Sib. Linatoa moshi mweusi, majirani wote wametoka kutazama, lakini linakwenda polepole. Ghadeer yuko nyuma yake na gari langu. Sanduku la dhahabu mliyomletea siku ya posa liko kwenye kiti cha mbele, kamili, Khulood alifungue mbele yao alitazame. Na kile kitambaa nimekifua, kimekunjwa juu yake.

Marhoon: (mtandao unakwaruza) ...na Ijumaa? Watu wameshaalikwa, wa Sur wako njiani. Niwaambie nini?

Mahfoudha: Wewe ndiye unayejua kusema mbele ya watu.

Marhoon: Usinifanyie hivi. Sisi tumebaki wangapi katika —

Mahfoudha: Salio la Masouda linakwisha, simu inanilia sikioni.

Marhoon: Usikate. Ngoja nikupigie kwenye yako, sasa hivi, uipokee —

Mahfoudha: Nitaiona inalia.

Marhoon: Mahfoudha. Wael yuko hapa nje, hajui kitu, anapanga viti. Nimwambie nini?

Mahfoudha: Mwambie afungue geti. Na usiwe na wasiwasi, kaka, binti yangu atafika. Njia ya kuja kwako haina mlima.

Marhoon: Mahfoudha? (simu imekatika) Haloo? Mahfoudha?