Vikaratasi Viwili vya Bi Kwanini

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, afisa mikopo wetu mkuu anastaafu. Wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo wanamwita Bi Kwanini, na jina hilo hakulipata bure. Barua iliyobandikwa ubaoni inasema ameomba mwenyewe kuondoka mapema. Mimi niliyekaa meza ya jirani kwa miaka kumi na minne nina shaka nayo. Imechapwa kwa kompyuta, na dada huyu hata ruhusa ya kwenda kliniki huiandika kwa mkono.

Alianza kama karani wa mapokezi. Alipopandishwa cheo akaja na utaratibu wake: mume na mke wakija kukopa, kila mmoja anapewa kikaratasi, anaandika peke yake pesa ni za nini. Majibu yakipishana, hakuna mkopo. Nilipokwenda na mke wangu, chake kilisema bati za kuezekea, changu kilisema makochi. Alivisoma, akanitazama juu ya miwani, kisha akatuagizia chai tukubaliane kwanza. Nilimnunia wiki nzima. Leo mvua ikinyesha tunalala pakavu, na makochi bado hatuna.

Kisha masharti ya ukopeshaji yakalegezwa. Mtaani kwetu zikafunguliwa ofisi nne za mikopo ndani ya mwaka mmoja, na simu zikaanza kukopesha watu kabla hawajapiga mswaki. Majirani wakanunua televisheni zisizopita mlangoni, halafu muhula ulipofunguliwa wakaja kwetu kutafuta karo. Uongozi ukasema vikaratasi vinafukuza wateja. Yeye akaitikia kwa adabu zote, akaendelea kuvikata.

Sasa tumetangaziwa kwamba vikaratasi vinafutwa kuanzia tarehe mosi Julai, yaani siku moja tu baada yake. Simtuhumu mtu, ila kalenda naijua. Ninachoogopa ni mabwana na mabibi watakaotoka hapa na pesa ambazo nyumbani hazijazungumzwa, na hakuna wa kuwauliza.

Dada yetu, ahsante kwa kutuudhi kwa faida yetu. Upumzike vizuri, afya ikukubali, na siku zako ziwe za raha. Kuna wanandoa kadhaa wameniuliza unapoishi. Nimewaelekeza mpaka getini, utanisamehe.