Siku Kumi na Nne za Pilau

Mbele ya duka la mashine za kufulia pale Hyattsville, nje kidogo ya Washington, kuna benchi la chuma. Mwenye duka aliliweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri nguo, lakini Jumamosi asubuhi hukaliwa zaidi na watu ambao nguo zao zimeshakauka. Gahungu, Mrundi aliyewahi kuendesha gari la ubalozi kwa miezi saba na tangu hapo akaitwa Balozi, ndiye huleta chupa ya kahawa. Godlisten analinda jengo la kompyuta huko Sterling, na kwa kuwa anaamini kila kitu duniani kinarekodiwa, wanamwita Kamera. Marie-Thérèse wa Bukavu hutunza wazee majumbani mwao. Huyo ni Mama Dozi. Wa nne ni Method, mtu wa Bukoba, mwalimu wa takwimu chuoni. Jina lake la benchi ni Desimali, kwa sababu hasemi “kama” wala “hivi” anapotaja namba. Jumamosi hiyo alikuja na mbwa, na mbwa alikuwa anachechemea.

Mbwa aliitwa Pilau, kwa rangi yake. Alikuwa wa Elieth, mke wa Method, aliyefariki miezi kumi na mmoja iliyopita. Tangu siku hiyo Method alimlisha kwa saa na kumtembeza kwa kamba ndefu. Hawakuwa na mengi ya kuambiana.

— Desimali, leo umekuja na familia, — alisema Balozi akimmiminia kahawa. — Huyo naye anakunywa?

— Anachechemea, — alisema Method. — Leo ni siku ya nne. Nataka kumkatia bima kabla sijampeleka kwa daktari. Fomu iko hapa kwenye simu. Nimejaza yote, limebaki swali moja.

— Lisome, Mwalimu, — alisema Godlisten.

— “Je, mnyama wako ameonyesha dalili yoyote ya ugonjwa au jeraha?” Ndiyo au hapana. Nikisema ndiyo, mguu hawaulipii. Nikisema hapana, nasubiri siku kumi na nne, bima inaanza, ndipo nampeleka.

— Sasa hapo swali liko wapi? — Balozi aliweka chupa chini. — Andika hapana. Huyo mbwa atakuja kutoa ushahidi?

Marie-Thérèse alicheka hadi kikombe kikamtikisika.

— Assurance ya mbwa! Kwetu Bukavu mbwa ilikuwa inakula mifupa, inasema merci, inaenda kulala. Hapa bibi yangu wa Bethesda, mbwa yake iko na assurance, iko na dentiste, na kila siku ya jeudi inaenda kuogelea juu ya mugongo. Mimi mugongo inaniuma miaka mine, piscine sijaiona hata moja.

— Kwa hiyo nikate au nisikate? — aliuliza Method.

— Mimi sijasema kitu. Niko naongea tu mugongo yangu.

Godlisten alisogea karibu, akapunguza sauti.

— Mimi naona mmeshachelewa. Simu hiyo iko wazi? Umesema “anachechemea” mbele yake. Tayari wanajua. Na kamera za milango ya majirani zako zote zimemwona akipita hivi, hivi, hivi. Mimi ninalinda mashine zenyewe, kaka. Nazisikia usiku zinavuma. Unadhani zinavuma nini? Habari za mbwa wa watu.

— Basi afanyeje? — aliuliza Balozi.

— Kwanza, simu iingie kwenye mashine ya kukaushia.

— Ikizunguka? — aliuliza Balozi.

— Iliyozimwa, Balozi! Pili, kuanzia sasa hakuna kusema “mguu”. Sema “bidhaa”.

— Bidhaa ya mbwa inachechemea, — alisema Marie-Thérèse, na benchi likacheka tena. Method alitabasamu kidogo, kisha akaangalia simu. Swali lilikuwa bado pale, na viduara vyake viwili.

Balozi alikohoa, kama anavyokohoa akitaka kuzungumza kwa niaba ya nchi.

— Mnatafuta bima mbali bure. Sisi tuna chama chetu cha misiba. Katiba ninaijua, niliipigia chapa mimi. Ibara ya sita: mwanachama na wategemezi wake. Haikusema mtegemezi awe na miguu mingapi.

— Chama kinalipa akifa, — alisema Godlisten. — Huyu hajafa.

— Angalau anakuwa ndani.

— Na ikikufa? — Marie-Thérèse alimgeukia. — Tunasafirisha maiti mpaka Bukoba? Katibu anasimama kanisani anasema ndugu wapendwa, tumepata musiba, Pilau ametutoka, michango ni kwa mama Domina, mutunza hazina? Balozi, uko mugonjwa wewe.

— Basi tuazime mbwa mzima wa rangi hiyo hiyo. Yule ndiye aonwe na daktari wa hao wa bima, aandikwe mzima, halafu turudishe huyu.

— Ana chipu shingoni, — alisema Godlisten. — Wakipitisha mashine wanajua jina lake.

— Chipu si inahamishwa? Nina binamu yangu Manassas, anatengeneza simu...

— Hapana, — alisema Method.

Balozi alijimiminia kahawa, lakini hakuonekana kukubali.

— Ngojea tu, papa, — Marie-Thérèse alisema kwa upole. — Siku kumi na ine si kitu. Sisi wote tulingojea. Mimi nilifika hapa na goître, hii uvimbe ya shingo, ndugu zangu wakasema usiende hôpital, kazi inakupa assurance mwezi wa tatu. Nikafunga kitambaa shingoni, nikangojea.

— Mimi jino, — alisema Godlisten. — Wiki tisa. Nilikuwa natafuna upande mmoja kama mbuzi. Kadi ilipofika tu, siku hiyo hiyo nikang'oa. Daktari ananiuliza limeanza lini, namwambia jana.

— Mimi macho, — alisema Balozi. — Na nilikuwa naendesha gari la balozi!

Walicheka wote watatu, wakitazamana kama watu waliopita mpaka mmoja. Hakuna aliyekuja kutoka kwao akapata kadi siku ya kwanza, na kila mmoja alikuwa na kitu alichokibeba kimya mpaka tarehe ifike. Waliona ni ujanja wa lazima, kama kujua njia isiyo na foleni.

Method hakucheka. Ilikuwa Oktoba Elieth alipoanza kusikia maumivu chini ya mbavu. Bima ya kazi yake mpya ingeanza tarehe mosi Januari. Method alichukua karatasi, akachora safu mbili: kwenda sasa, na kungoja. Alijaza kila mstari, akajumlisha mara mbili. Safu ya kungoja ilikuwa na nafuu kubwa. Elieth aliitazama karatasi, akasema, “Basi tungoje, wewe ndiye mwenye hesabu.” Walikwenda tarehe tano Januari. Daktari hakusema kwamba wiki zile zilikuwa na maana. Hakusema pia kwamba hazikuwa nayo. Jumla ya ile karatasi ilikuwa sahihi. Method aliirudia baadaye, baada ya mazishi, na haikuwa na kosa.

Hayo hakuwahi kuyasema kwenye benchi.

— Bonyeza hapana, kaka, — alisema Godlisten. — Kahawa inapoa.

Kidole cha Method kilikuwa juu ya kioo pale mwanamke mmoja alipotoka ndani na kikapu cha sare za hospitali. Alikuwa Mkenya aliyehamia jengo la nyuma wiki hiyo. Jina lake Bilha. Aliwasalimu, akamtazama mbwa.

— Pole yake. Anaumwa wapi?

— Mguu, — walisema watatu kwa pamoja.

— Upi?

— Wa kushoto, — alisema Godlisten.

— Wa kulia, — alisema Balozi. — Wa nyuma.

— Mimi niliona kama ya mbele, — alisema Marie-Thérèse.

Bilha alimgeukia mwenye kamba.

— Wapi kwa huo mguu? Goti? Kucha?

Method alimtazama Pilau. Alikuwa amesoma kurasa kumi na nane za masharti. Alijua siku ngapi, asilimia ngapi, na ibara gani. Alikuwa amemwona Pilau akichechemea kwa siku nne, kwa nyuma, kwa urefu wa kamba.

— Kwani hamjamshika? — aliuliza Bilha.

Godlisten aliangalia kikombe chake.

Method alipiga magoti kwenye saruji. Alianza na mguu wa mbele, akapapasa polepole, kisha wa nyuma. Kwenye goti la kulia palikuwa pamevimba, na pana joto. Pilau alilia kidogo, lakini hakuuvuta mguu. Alilaza kichwa kwenye mkono wa Method na kukiacha pale.

Method alifunga fomu, akapiga simu ya zahanati ya wanyama. Wengine walisikia upande wake tu.

— Leo, kama inawezekana... Goti la kulia, nyuma... Siku nne... Hapana, hana bima... Ndiyo, naelewa. Nakuja sasa.

Kisha akasimama mbele ya mbwa, hajui aanzie wapi.

— Mkono mmoja chini ya kifua, — alisema Bilha. — Mwingine huku. Usimbane goti. Sasa inuka.

Aliinuka. Balozi alikimbia kumfungulia mlango wa gari. Pilau alikuwa mzito kuliko kilo zilizoandikwa kwenye fomu. Ilikuwa namba pekee ambayo Method aliikisia.