Maharagwe ya Jairus Nyuma ya Nyumba

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani na nyinyi mliotoka mbali, mimi ni Rosebella, dada mkubwa wa Jairus, familia imesema nisome mimi, mnivumilie nikienda polepole, kusoma nimejulia gumbaru, shule ya watu wazima, mwaka jana, na ni Jairus alinisukuma niingie darasa.

Jairus Shivonje alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 hapa hapa Shinyalu, akaanza shule ya msingi 1986, akamaliza kidato cha nne 1997, akasomea kilimo mpaka akapata diploma 2002, na mwaka 2004 akaandikwa kazi kituo cha utafiti, kazi yake ikawa maharagwe. Tarehe 10 Desemba 2005 alimuoa Beverly kanisani, Mungu akawapa Mathew na wasichana wawili.

Mwaka 2022 wafadhili wa ng'ambo waliungana na serikali yetu, wao walete vifaa na wataalamu, sisi tulete shamba na watu, tutafute pamoja maharagwe ambayo mizizi yake haiozi mvua ikizidi. Mwaka huu Jairus alipanda mashamba matatu, mawili yakabebwa na mafuriko, likabaki hili la nyuma ya nyumba. Hapo alikosea, na nilimwambia, kwa sababu hiyo ndiyo njia fahali wa kupigana hukimbizwa tukizika mtu, naye akacheka, akasema, dada, nani atakufa hapa kabla hatujavuna?

Moyo ulianza kumsumbua Januari, tarehe 12 Mei akalazwa hospitali kubwa ya Kakamega, na kila nikimpelekea uji aliulizanga maharagwe kwanza, mimi baadaye. Jumamosi tarehe 24 Mei 2025, saa nne asubuhi, akatuacha.

Sasa wale wafadhili wa ng'ambo wanakuja Jumanne, wakiona maharagwe wataendelea na sisi, wakikuta alama za kwato peke yake kazi imeisha, na mbegu yote iko pale, haijakauka tuivune, hakuna ingine. Hiyo ndiyo imeninyima usingizi. Binamu yetu Cornelius anasema Jairus alikuwa mtu wa fahali, hatuwezi kumzika kama kuku, na ni kweli, nani hapa hakumwona akikimbia mbele ya fahali na tawi mkononi? Cornelius, ndugu yangu, leta fahali wako, ngoma ya isukuti ilie, lakini mpitishe barabara ya juu, nimekuomba tangu juzi na bado hujanijibu.

Tunashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wenzake wa kituo waliomleta nyumbani, majirani mliobeba kuni na maji, na nyinyi akina mama mliosimama kando ya maharagwe tangu asubuhi, msitoke hapo, nikikunja karatasi hii nakuja kusimama na nyinyi.

Jairus, mdogo wangu, wewe pumzika kwa amani, sisi bado hatujavuna.